Treni Inayopita Juu ya Mkia Wake: Siku Nne San Diego

ALHAMISI

Nimepanda tramu nyekundu Lemon Grove, kitongoji cha mashariki mwa San Diego anakoishi binamu yangu na wanawe. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: shuka City College, chukua basi namba 7, uteremke Balboa Park. Nikakaa dirishani. Njia hii ya tramu zamani ilikuwa ya treni kubwa, reli ya San Diego & Arizona Eastern. Mwaka 1979 mamlaka ya usafiri ya hapa iliinunua, tramu ya kwanza ikaanza 1981 kuelekea mpaka wa Mexico, na hii ya mashariki ikafuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo leo nimekwenda kutazama mfano wa reli nikiwa nimepanda juu ya reli yenyewe.

Nimekuja Marekani kuwaona ndugu, lakini siku nne hizi nimezitenga kwa ajili ya San Diego Model Railroad Museum, makumbusho ya reli ndogo za mfano, na sababu ni baba. Alikuwa gadi wa treni za mizigo kwa miaka 29. Kwetu ni Mazeras, pale reli ya zamani inapopanda kutoka Mombasa. Wanaoijua njia ile wanaujua mzunguko wake: kilima ni kikali, treni haikiwezi moja kwa moja, basi wajenzi wakaikunja reli hadi ikapita juu yake yenyewe. Utotoni tulikuwa tukisikia injini ikiguruma upande wa juu, na tukigeuka tunaona mabehewa ya mwisho bado yako chini. Kwa miaka mingi niliamini hakuna kitu cha namna hiyo popote duniani. Kisha nikasoma habari za Tehachapi, milimani California, ambako reli ilikunjwa vivyo hivyo mwaka 1876, miaka ishirini kabla ujenzi wa reli yetu haujaanza Mombasa. Na mfano wake uko hapa, chini ya jengo la makumbusho.

Jengo linaitwa Casa de Balboa. Unashuka ghorofa ya chini na hapo unaisikia kabla hujaiona: mchakacho mwembamba wa magurudumu madogo kwenye viungo vya reli. Eneo lote ni kama futi za mraba 27,000. Ndani kuna reli za mfano za vipimo mbalimbali, kila moja ikijengwa na kuendeshwa na klabu yake. Wenye klabu ni watu wa kujitolea, wengi wao wazee, na wanazungumzia mataruma, yale magogo yanayobeba reli, na pointi za kuchepushia treni, kama baba anavyozungumza na wenzake kwenye kibaraza cha nyumbani.

Picha za siku ya kwanza hazikunifurahisha. Taa za ukumbini zilizipaka kila kitu umanjano. Flashi, niliyoijaribu mara moja tu, iliyafanya mabehewa ya plastiki yaonekane makopo ya plastiki. Halafu nilikuwa nimesimama wima, nikielekeza kamera chini, na kila treni ikatoka kama kiatu kilichoachwa sakafuni.

Saa mbili usiku huku ni saa kumi na mbili alfajiri kwa baba. Nikamtumia picha nne. Akajibu kwa sauti, jogoo akisikika nyuma yake: "Nzuri mwanangu, lakini mbona unaitazama treni kutoka juu? Hakuna mtu anayeiona treni kutoka juu isipokuwa ndege. Shuka, usimame pale anaposimama stesheni masta."

IJUMAA

Leo nimemtii baba, na siku nzima nimekaa Tehachapi.

Reli hii ya mfano ni ya klabu ya La Mesa. Wameijenga njia ya kutoka Bakersfield kupanda hadi Mojave, katika kipimo kinachoitwa HO, yaani 1:87. Maana yake mtu wa mita moja na robo tatu anakuwa na urefu wa sentimita mbili, kama ukucha wa kidole gumba. Wakati waliouchagua ni miaka ya 1950, injini za mvuke zikiwa bado kazini na dizeli zimeshaanza kuingia. Nyasi za vilima zimepakwa rangi ya dhahabu kavu ya kiangazi cha huku, na mialoni imesimama mmojammoja kama ilivyo kwenye milima yenyewe.

Mzunguko halisi una urefu wa kilomita moja na kidogo, na treni ikiuzunguka inakuwa imepanda mita 23. Gawanya kwa 87: kama mita 13 za reli, na kimo cha sentimita 26 hivi. Nilipoipiga hesabu hiyo kwenye daftari ndipo nilipoelewa kwa nini reli hii imehitaji ukumbi mzima. Mlima hauwezi kufupishwa mno. Ukiukata sana, treni inakuwa inazunguka kichuguu.

Nilimwomba ruhusa mzee aliyekuwa zamu. Akaniambia naweza kuegemeza kamera kwenye ukingo wa kizuizi, mradi nisiguse mandhari wala kuziba njia ya watu. Miguu mitatu ya kusimamishia kamera nilikuwa nimeiacha nyumbani. Badala yake nilibeba soksi niliyoijaza mchele kwa binamu. Soksi ya mchele ni rafiki mkubwa wa mpigapicha mahali kama hapa. Unailaza ukingoni, unabonyeza kishimo, kamera inatulia humo bila kutikisika.

Kamera kubwa ina tatizo lake. Ukikisogelea kitu kidogo namna hii, sehemu inayoonekana wazi inakuwa nyembamba kama karatasi: taa ya injini imetulia, bomba lake limeshafifia. Macho yanagundua mara moja kwamba kitu hiki ni kidogo, kwa sababu treni ya kweli ukiisimamia mita hamsini unaiona yote wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukilibana tundu la lenzi hadi f/16 unapata nafuu, lakini mwanga unapungua, na picha inahitaji sekunde moja au mbili. Kwa treni iliyosimama si neno. Nilipopata moja imesimama kituo cha Caliente ikisubiri nyingine ipite, nilipiga picha kumi na mbili, kila moja fokasi ikiwa imesogea kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, ili usiku programu iziunganishe ziwe moja.

Kwa treni inayokwenda, simu ndiyo iliyoniokoa. Kihisi cha simu ni kidogo, kwa hiyo huona wazi kwa kina kirefu. Tena lenzi yake iko karibu kabisa na pembe ya juu. Nikaigeuza simu kichwa chini miguu juu, nikailaza kwenye soksi ya mchele, lenzi ikawa sentimita moja na nusu tu juu ya ukingo. Nikachuchumaa. Kwenye kioo cha simu kikatokea kitu kilichonifanya nishike pumzi: reli mbili zikikaribia, kokoto zake moja moja zikihesabika, taruma moja limepasuka kwa kuchorwa kwa ncha ya kisu, na pembeni mtu wa sentimita mbili, ovaroli ya buluu, mkono mmoja kiunoni. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa na kimo chake.

Kisha ikaja injini ambayo sikuitarajia, kwa sababu dereva wake amekaa mbele kabisa, nyuma yake ndilo likafuata tangi refu la mvuke, na bomba la moshi liko nyuma mbali. Ni zile za kampuni ya Southern Pacific zilizogeuzwa kinyumenyume. Milimani walikuwa na mahandaki marefu na vibanda vya kuzuia theluji, na moshi wa injini kubwa ulikuwa ukiwakaba madereva humo. Wakakihamisha chumba cha dereva mbele ya moshi. Iliwezekana kwa kuwa zilichoma mafuta, ambayo husukumwa kwa bomba hadi kwenye tanuri. Makaa ya mawe yangehitaji mtu na koleo karibu na behewa la makaa.

Tehachapi ilichimbwa na vibarua wa Kichina, kama elfu tatu, kwa sururu na baruti. Nilikaa nalo jambo hilo kwa muda nikitazama handaki dogo. Reli yetu ilijengwa na vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa wakiijenga. Mzunguko wa huku na mzunguko wa kwetu, yote miwili imefanywa na mikono iliyotoka mbali, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote ambapo mtoto wa Mazeras au wa Bakersfield angeweza kuyasoma.

Mchana nilipata shida ya rangi nikaimaliza. Nilipiga kwanza picha ya karatasi nyeupe chini ya taa zilezile, nikaiambia kamera hii ndiyo nyeupe. Umanjano ukaondoka, dhahabu ya nyasi ikabaki. Palipo na kioo cha plastiki nililibandika lenzi kabisa kwenye kioo, na shati langu jeusi likazuia mwako. Anayekwenda kupiga picha huko asivae nyeupe.

Usiku nilimtumia baba picha ya mtu wa ovaroli ya buluu. Hakusema ni nzuri. Aliuliza: "Huyo anasubiri treni ipi, inayopanda au inayoshuka?"

JUMAMOSI

Leo nimekwenda na binti wa binamu, ana miaka tisa. Njiani aliniuliza, "Mjomba, kwa nini unapenda treni ambazo huwezi kupanda?" Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani alilihitaji.

Tulikwenda upande wa San Diego & Arizona Eastern, nayo ni HO. Tajiri wa sukari John D. Spreckels aliuahidi mji reli ya kwenda mashariki, kazi ikaanza 1907, na mwenyewe akapigilia msumari wa mwisho tarehe 15 Novemba 1919. Sehemu ya kutisha ni bonde la Carrizo. Katika maili 11 tu kuna mahandaki 17. Moja lilipoporomoka mwaka 1932, walilizunguka kwa kujenga daraja la mbao kwenye korongo la Goat Canyon, lililopinda kama mundu, kimo chake kama mita 57.

Ukumbini daraja hilo limejengwa fimbo kwa fimbo. Mita 57 ukigawanya kwa 87 ni sentimita 65; binti yetu alisimama mbele yake, na uso wake ukawa sambamba na nguzo. Nilimwambia ashike tochi ndogo niliyoifunika kwa karatasi laini, ailete kutoka pembeni chini, mahali ambapo jua la asubuhi lingekuwa. Akaishika kwa mikono miwili, kimya, dakika nzima. Vivuli vya nguzo vikaanguka kwenye mwamba, kimoja baada ya kingine, na lile korongo la plasta likawa na asubuhi. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za safari hii, na nusu ya kazi ni yake.

Treni ya abiria ya njia hiyo ilikoma Januari 1951. Septemba 1976 kimbunga Kathleen kikazoa tuta na madaraja jangwani. Daraja la Goat Canyon bado lipo, lakini ni la kuendewa kwa miguu na watu wenye maji ya kutosha mgongoni. Treni ya abiria ikipita juu yake leo, inapita hapa tu, chini ya Casa de Balboa, na dereva wake ni mzee mwenye kidhibiti mkononi na miwani puani.

Nilifikiria kwetu. Abiria wa Mombasa wamehamia SGR, ile reli mpya, tangu 2017. Ile ya zamani, ya usiku kucha, yenye vitanda na kengele ya chakula, haipiti tena Mazeras. Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, na humo imo injini ya daraja la 59 namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya 34 zilizopewa majina ya milima, ambazo baba alizikimbilia akiwa mtoto kama sisi tulivyokimbilia dizeli. Injini ipo, na nashukuru ipo. Lakini injini iliyosimama uani haiwezi kukuonyesha jinsi ilivyokuwa ikipanda. Wazee wa La Mesa wameuhifadhi mpando wenyewe: mahali pa kusubiriana, mahali pa kuongeza maji, mahali ambapo dereva anaanza kuomba Mungu. Wakiendesha kwa kanuni za zamani, hawaondoki kituoni bila amri iliyoandikwa kwenye karatasi, nani amngojee nani na wapi. Natamani mtu aufanyie hivyo mzunguko wa Mazeras, maadamu wapo bado walioufanyia kazi na wanaokumbuka pointi zilikaa wapi. Nasema hivi kwa dhati, na nikirudi nitaanza kwa kukaa na baba na kalamu.

Usiku nilimtumia picha ya daraja, kisha nyingine tano za mzunguko wa Tehachapi nilizozipiga jana. Alikawia kujibu. Kisha: "Injini nimeziona. Mabehewa nimeyaona. Gadi yuko wapi?"

Nikazirudia picha zote, zaidi ya mia tatu. Katika siku tatu sikuwa nimepiga hata moja ya nyuma ya treni.

JUMAPILI

Nimefika mapema nikiwa na kazi moja. Kwanza nilipita haraka kwa wale wa kipimo cha N, 1:160, ambako mtu ana sentimita moja na kidogo na mji mzima unaenea mbele yako. Kisha kwenye O, 1:48, ambako mabehewa ni mazito na sauti yake ni ya chuma kweli. Watoto walikuwa wamejaa kwenye treni za kuchezea za reli tatu, wakibonyeza vitufe. Ningekuwa na juma lingine ningelitoa kwao. Leo niliwapungia tu nikarudi mlimani.

Treni za mizigo za enzi ile zilifungwa mwishoni behewa la wafanyakazi, na huko alikaa mkuu wa treni, ambaye kwetu ndiye gadi. Ana chumba chake, jiko lake, na dirisha la kuchungulia mabehewa yote mbele yake. Baba alinieleza kazi hiyo tangu sijaanza shule. Dereva anatazama mbele. Gadi anatazama kila kitu kingine. Behewa likikatika njiani dereva anaweza asijue. Ndiyo maana mwishoni mwa treni pana taa nyekundu: stesheni masta akiiona inapita, anajua treni imefika nzima na njia nyuma yake ni tupu. Asipoiona, hakuna treni nyingine itakayoruhusiwa kuingia.

Nilimweleza mzee wa zamu ninachokitaka. Alisikiliza kwa makini kama mtu anayeulizwa jambo la maana, akaenda kuzungumza na mwenzake, akarudi akaniambia nisubiri, kuna treni ndefu itapanda, ina injini za kuisaidia katikati na nyuma. Akanionyesha mahali pa kuchuchumaa, mkabala na handaki namba 9. Njia ya chini inapita ndani ya handaki hilo. Njia ya juu, baada ya kuzunguka kilima chote, inapita juu ya mdomo wake.

Soksi ya mchele, simu kichwa chini. Nikasubiri kama dakika ishirini, magoti yakiuma. Ikaja taratibu, kwa mwendo wa mpando, ikaingia handakini, na kwa muda mrefu sikuona ila mabehewa, mabehewa, mabehewa, kila moja likitikisika kidogo kwenye kiungo kilekile cha reli. Nikasikia injini ikitokea upande wa kushoto juu. Sikuinua kichwa. Behewa la mwisho lilikuwa jekundu iliyopauka, na kwenye kibaraza chake cha nyuma amesimama mtu wa sentimita mbili, mkono kwenye chuma. Injini ilipopita juu ya handaki, yeye alikuwa hajaingia bado. Nikabonyeza, na nikaendelea kubonyeza.

Picha iliyotoka sawa ni moja. Kichwa cha treni juu, mkia chini, mlima kati yao, na gadi kibarazani akitazama upande wangu.

Nilimtumia baba kutoka kwenye tramu, nikijua kwake bado ni usiku wa manane. Tulipofika Encanto, muda mfupi kabla ya kituo changu, simu ikalia. Hakuwa amelala.

"Huyo ndiye," alisema. "Sasa nitazamie vizuri. Taa yake ya nyuma inawaka?"

Nikaivuta picha kwa vidole viwili, nikaivuta tena, hadi behewa likajaza kioo na kuanza kukwaruzika. Chini ya pembe ya paa, upande wa kulia wa yule mtu, palikuwa na nukta nyekundu.

"Inawaka, baba."